Sura ya Sita: Boksi Ndilo Linalochagua

Swali la kwanza la kijana wa Kayanga au Nkwenda anayetaka kucheza gemu kwenye kompyuta huwa ni moja: Nvidia au AMD? Swali si baya, ila linatangulia zamu yake. Kabla ya jina la kampuni kuna boksi ambalo kadi itaingia, na kabla ya boksi kuna umeme utakaolilisha. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mambo hayo mawili huchuja kadi zote za dunia mpaka zikabaki nne au tano, na hapo ndipo ubishi wa Nvidia na AMD unapostahili kusikilizwa.

Tuanze na boksi. Kompyuta za mezani zinazouzwa Omurushaka, pale inapoanzia barabara ya Nkwenda na Murongo, si zile zenye vioo ubavuni na taa za rangi. Nyingi ni mashine za ofisi zilizostaafu: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimefanya kazi ya mahesabu na barua kwa miaka mitano au sita katika benki au halmashauri fulani ya nchi za mbali, zikauzwa kwa jumla, zikafika Kariakoo au Kampala, zikafutwa vumbi na kupanda basi. Ni mashine nzuri. Zimeundwa kwa chuma cha kweli na zinavumilia. Tatizo ni kwamba aliyezibuni hakuwahi kufikiria kwamba ipo siku mtu atataka kuendeshea GTA V humo ndani.

Kadi ya grafiki, kwa wale walioruka sura ya tatu, ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina chipu yake, kumbukumbu yake na feni yake. Prosesa kuu hufanya kazi chache ngumu kwa zamu, lakini chipu ya grafiki hufanya kazi nyepesi maelfu kwa pamoja: inapiga hesabu ya rangi ya kila nukta kwenye kioo, mara thelathini, sitini au mia kwa sekunde. Kazi hiyo inakula umeme, na umeme unaoliwa hugeuka joto. Basi kila kadi inataka vitu vitatu kutoka kwa boksi lake, yaani nafasi, wati na hewa. Mashine ya ofisi ni bahili wa vyote vitatu.

Ukifungua OptiPlex 7010 ndogo, ile nyembamba inayolala chini ya monita, utakuta pawa saplai ya wati 240. Ndugu yake wa 2013, OptiPlex 9020, ana 255. Ukichukua 9020 ya mnara unapata 290. Hakuna kati ya hizo yenye waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki, ule wenye pini sita au nane. Kwa hiyo kadi yako itaishi kwa kile inachopewa na sloti yenyewe, na kanuni ya sloti ya PCI Express ni wati 75, basi. Wengine hufikiri watabadilisha pawa saplai na mambo yaishe. Kwenye 7010 ya mnara hilo linawezekana, lakini kuanzia 9020 Dell waliacha kiungio cha kawaida cha pini 24 wakaweka cha kwao cha pini nane, na HP nao walifanya yao kwenye EliteDesk 800 G1. Itabidi uagize adapta, na adapta mbovu huchoma ubao.

Halafu kuna urefu. Boksi jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Linataka kadi fupi, yenye kibati kifupi cha nyuma. Muuzaji akikwambia "inaingia tu hii, kaka", mwombe aiingize mbele yako na kufunga kifuniko. Katika baadhi ya maboksi haya sloti kubwa imebanana na pawa saplai, hivyo kadi nene ya nafasi mbili haikai hata kama ni fupi. Futi ya fundi cherehani inakutosha kulijua hilo kabla hujatoa hela, na sijui kwa nini hakuna anayeibeba.

Sasa kampuni zenyewe. Nvidia ilianzishwa 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem. Upande wa pili historia yake ilianzia Kanada na kampuni ya ATI, iliyozaliwa 1985 na kununuliwa na AMD mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4. Leo AMD inaongozwa na Lisa Su. Yeye na Huang wote wawili walizaliwa Taiwan, na ni ndugu wa ukoo mmoja, jambo ambalo mashabiki wanaotukanana kwa ajili ya kampuni hizi wangefaa kulikumbuka. Kampuni zote mbili hazina viwanda vya kufyatulia chipu. Chipu zao za miaka ya karibuni nyingi zimefyatuliwa na kiwanda kile kile cha TSMC, Taiwan. Intel nayo ilirudi ulingoni 2022 na kadi zake za Arc, lakini nitaonyesha kwa nini bado hazitufai.

Kwenye boksi la wati 75 pambano la haki ni kati ya kadi mbili: GTX 1650 ya Nvidia, iliyotoka Aprili 2019 kwa dola 149, na RX 6400 ya AMD, iliyotoka Aprili 2022 kwa dola 159. Zote mbili zina kumbukumbu ya GB 4. Zote zinapatikana kwa umbo fupi. GTX 1650 ya kawaida inakula wati 75 na RX 6400 inakula 53. Ukisoma tu orodha ya namba ungesema ya AMD ndiyo bora: ni changa kwa miaka mitatu, ina chipu ya nanomita 6 dhidi ya 12 za mwenzake, na inatumia umeme kidogo. Wachambuzi walioipima kwenye kompyuta mpya wameikuta ikikaribiana na GTX 1650.

Shida ni kwamba wewe huna kompyuta mpya. RX 6400 ilitengenezwa na njia nne tu za kupitishia data kati yake na ubao, wakati GTX 1650 ina njia 16. Kwenye ubao wa kisasa wenye PCI Express ya kizazi cha nne, njia nne hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde, na hizo zinatosha. Mashine yetu ya 2013 ina kizazi cha tatu, ambapo njia zile zile nne hupitisha nusu yake, chini kidogo ya GB 4. GTX 1650 kwenye sloti hiyo hiyo inapata karibu 16. Kadi ya kumbukumbu ndogo ndiyo inayoumizwa zaidi na jambo hili, kwa sababu GB 4 zikijaa hulazimika kukopa kwenye RAM ya kompyuta, na mkopo huo unapita kwenye njia zile nne nyembamba. Matokeo yake ni gemu inayokwenda vizuri kwa dakika nzima kisha inakwama kidogo kila unapokata kona. Kwenye mashine ya 2011 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, kama OptiPlex 790, sloti ni ya kizazi cha pili na njia nne zinabaki na GB 2 kwa sekunde. Hapo RX 6400 ni hela iliyotupwa.

Kuna jingine ambalo halimo kwenye majedwali ya fremu. RX 6400 haina kabisa sehemu ya kurekodi video. Chipu yake ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta mpakato, ambako kazi hiyo hufanywa na chipu nyingine, kisha ikahamishiwa kwenye kadi ya mezani bila kuongezewa kitu. Kijana anayetaka kurekodi mechi zake na kuzipandisha YouTube, au anayehariri video za harusi kwa kadi hiyo hiyo siku za Jumamosi, ataona kazi yote inarudi kwa prosesa. GTX 1650 inarekodi H.264 na HEVC yenyewe. Katika miji midogo kama Kayanga, ambako kompyuta ya gemu mara nyingi ndiyo pia kompyuta ya studio, jambo hili moja lingetosha kumaliza ubishi.

Kwa mashine ya ofisi iliyozeeka, basi, GTX 1650 inashinda, na haishindi kwa kidogo. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya Nvidia. Ukiweka kadi hizo hizo kwenye ubao wa PCI Express ya kizazi cha nne wenye pawa saplai ndogo, nitakwambia uangalie bei tu. Na hukumu hii si ya Omurushaka peke yake: mwishoni mwa 2022, katika takwimu za Steam za kompyuta za wachezaji duniani, GTX 1650 ndiyo iliyochukua nafasi ya kwanza kutoka kwa GTX 1060. Dunia ya wachezaji ina watu wengi wa kipato cha kawaida kuliko matangazo yanavyoonyesha.

Juu ya GTX 1650, bado ndani ya wati 75, ipo RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70, ina njia nane, na inatumia DLSS, ile mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili bandia. Ukiipata kwa umbo fupi na mfuko unaruhusu, chukua. Ila soma jina lote. Iko RTX 3050 nyingine ya 2022 yenye GB 8, inayokula wati 130 na kutaka waya wake wa umeme. Jina ni hilo hilo na boksi la kadi linafanana. Anayeagiza kwa simu bila kuuliza ukubwa wa kumbukumbu anaweza kuletewa kadi ambayo mashine yake haiwezi kuiwasha.

Chini ya GTX 1650 ipo GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75, GB 4, ambayo kwa mitumba ndiyo imejaa zaidi sokoni. Bado inaendesha eFootball na GTA V bila kulalamika. Chini zaidi ipo GT 1030, na hapa naomba msomaji atulie. GT 1030 ya 2017 ilikuja na kumbukumbu ya GDDR5 yenye mwendo wa GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4, jina lile lile, mwendo GB 16.8. Ni kadi mbili tofauti zilizovaa shati moja, na ya pili haistahili kuitwa kadi ya gemu. Nvidia hawakuvunja sheria yoyote kwa kufanya hivyo. Waliandika aina ya kumbukumbu kwa herufi ndogo pembeni, na herufi ndogo hizo ndizo utakazozitafuta ukiwa dukani.

Intel Arc A380 nayo inaingia kwenye wati 75 na ina GB 6, na kwa bei yake ingekuwa mkombozi. Lakini inategemea uwezo uitwao Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Bila uwezo huo inapoteza nguvu nyingi, na Intel wenyewe wanashauri prosesa ya kizazi cha kumi kwenda juu. Mashine yetu ya 2013, yenye prosesa ya kizazi cha nne, haina. Arc tunaiacha hapo.

Kabla sijatoka kwenye maboksi membamba, niseme juu ya monita. Monita nyingi za mitumba zinazouzwa pamoja na mashine hizi ni za inchi 17 au 19 na zina tundu la VGA, lile la bluu lenye skrubu mbili. Kuanzia familia ya GTX 1050 Ti kwenda mbele Nvidia waliacha kutoa picha ya VGA, na RX 6400 ina matundu mawili tu, la HDMI na la DisplayPort. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA. Ni kitu cha bei ndogo, ila nunua siku hiyo hiyo pamoja na kadi. Na kwenye monita ya inchi 19 yenye nukta 1280 kwa 1024 kadi ina nukta chache za kuchora, pungufu ya theluthi mbili za zile za monita ya 1080p, kwa hiyo GTX 1050 Ti yako itaonekana kijana tena.

Tukitoka kwenye boksi jembamba kwenda kwenye mnara wenye pawa saplai ya kweli, mizani inageuka, na hapa AMD ndiyo yenye neno. RX 580 ya GB 8 ilitoka Aprili 2017 kwa dola 229. Ilipendwa sana na waliochimba sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji, na kadi zilizokuwa zikiunguruma usiku na mchana kwenye maghala ya China na kwingineko zikamwagwa sokoni. Ndiyo maana RX 580 zimekuwa za bei nafuu kuliko uwezo wake. Kwa nguvu inaipita GTX 1650, na GB 8 zake zinaifanya imeze picha nzito ambazo kadi za GB 4 hukabwa nazo. Angalia tu usiuziwe ile iliyoandikwa 2048SP, toleo lililotolewa kwa soko la China mwaka 2018, lenye vitengo 2,048 vya kuchakata badala ya 2,304. Muuzaji wa mtandaoni huona uvivu kuandika herufi hizo za mwisho.

Lakini RX 580 inakula wati 185. GTX 1650 inakula 75. Tofauti ni wati 110, na tofauti hiyo inalipwa kwa LUKU. Tuseme unacheza saa nne kwa siku: wati 110 mara saa nne ni uniti 0.44, kwa mwezi uniti 13.2. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 4,700 kwa mwezi. Kwa mwaka inakaribia 56,400. Kwa mtu wa nyumbani si kilio, ingawa aliye kwenye daraja la watumiaji wadogo, la uniti 75 kwa mwezi, aangalie asije akavushwa mstari na kadi moja. Mwenye kibanda cha kuchezesha gemu ndiye anayepaswa kukaa chini na kalamu. Mashine yake inawaka saa kumi, na tofauti ya kadi hizi mbili kwake ni kama shilingi 141,000 kwa mwaka kwa kila mashine. Akiwa na mashine tatu, kadi iliyoonekana rahisi dukani itakuwa imekula zaidi ya laki nne kila mwaka kwa umeme wa ziada tu. Kwa kibanda napendekeza kadi ndogo bila kusita. Wateja wa kibanda wanacheza mpira, na eFootball haihitaji RX 580.

Anayetaka nguvu bila kula hivyo aitafute RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021: wati 132, GB 8, njia nane. Ni kadi ninayoiheshimu kuliko zote katika sura hii kwa uwiano wa kazi na umeme. Ila usiifunge na prosesa ya kizazi cha nne ukitegemea miujiza, maana prosesa itakuwa ikihema huku kadi imekaa ikisubiri kazi.

Umeme wenyewe wa Kagera una hadithi yake. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuwa kwenye gridi ya taifa. Uliletewa umeme kutoka Uganda kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka mpaka Kyaka, na hitilafu ya upande ule ilizima taa za upande huu. Siku hizi kuna vyanzo vya karibu zaidi. Mto Kagera wenyewe unazungusha mitambo ya Kikagati–Murongo, megawati 14, mpakani kabisa mwa Kyerwa na Uganda, na ile ya Rusumo, megawati 80, inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini chanzo kikiwa karibu haimaanishi waya wa kijijini kwako ni mnene. Aliye mwisho wa laini anajua umeme mdogo ni nini, hasa saa moja jioni mashine za kukoboa zikiwa bado zinaunguruma na kila nyumba imewasha.

Na hapa mashine ya ofisi inayodharauliwa inajibu mapigo. Pawa saplai za Dell na HP za aina hii hupokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila kubonyezwa kitu. Umeme ukishuka hadi 170 zinaendelea kama kawaida. Pawa saplai za bei chee zilizoandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu, zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 mgongoni, hazina uvumilivu huo, na mara nyingi hata hizo wati 600 hazimo. Nikipewa nichague kati ya wati 290 za Dell na wati 600 za jina nisilolijua, nachukua za Dell na kadi ya wati 75 juu yake. Kompyuta hiyo nzima itakula kama wati 150 wakati wa gemu, na UPS ya kawaida ya VA 650 itaibeba kwa dakika za kutosha kuhifadhi mchezo na kuzima kwa heshima. Ukiweka RX 580 kwenye UPS hiyo hiyo, dakika hizo zinapungua vibaya.

Radi ni suala jingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi sana. Mawingu yakifunga juu ya vilima vya Karagwe, chomoa plagi ukutani. Hakuna UPS ya dukani itakayobishana na radi.

Kwa upande wa joto, nyanda hizi zina bahati. Sehemu kubwa ya Karagwe iko kwenye mwinuko unaokaribia au kupita mita 1,500, na usiku wa Juni unahitaji blanketi. Kadi inayochemka Dar es Salaam hupumua vizuri hapa. Adui wetu ni vumbi jekundu la kiangazi, linaloingia kwenye feni na kugandamana katikati ya mapezi ya kupoozea. Brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli vinatosha, mradi uishike feni isizunguke unapopuliza.

Joto na baridi vinavyopishana ndivyo vinavyoua kadi za zamani. Chipu haijafungwa kwa skrubu. Imekaa juu ya mamia ya vitone vya risasi ya kuchomelea ambayo, licha ya jina, siku hizi haina risasi ndani yake. Tangu Ulaya ilipobana matumizi ya madini hayo Julai 2006, mchanganyiko unaotumika zaidi kwenye vifaa vya elektroniki ni bati kwa zaidi ya asilimia 95, pamoja na fedha na shaba kidogo. Na bati ndilo wachimbaji wa Kyerwa wanalolitafuta ardhini tangu enzi za Waingereza. Wanajiolojia wameuita ukanda huu wa miamba Karagwe–Ankole, nao unapita Uganda, Rwanda na Burundi ukiwa na bati, na sehemu nyingine koltani inayotoa tantalumu ya kapasita. Bati likishayeyushwa huchanganyika na la Indonesia na la Peru, kwa hiyo hakuna awezaye kusema punje ya Kyerwa iko kwenye kadi ipi. Ila karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye kuchomelea, na bei ya mchimbaji wa Kyerwa hupanda na kushuka pamoja na hamu ya watu wa mbali ya kununua vifaa kama hivi.

Vitone hivyo hupasuka baada ya miaka ya kupashwa na kupoa. Fundi atakayekuahidi kuiponya kadi kwa kuipuliza moto anaweza kukupa wiki mbili au miezi miwili, na anajua hivyo. Kadi iliyowahi kupulizwa moto usiinunue hata kwa nusu bei. Chungulia pembeni mwa chipu: ubao ukiwa umebadilika rangi kuwa kahawia au kuna mabaki ya gundi ya kuchomelea, irudishe.

Kisha kuna kadi feki. Kuanzia 2017 hivi soko la mtandaoni lilijaa kadi zilizoandikwa GTX 1050 Ti ambazo ndani ni GTX 550 Ti ya 2011 au GTS 450 ya 2010, zikiwa zimechakachuliwa BIOS zijitambulishe kwa jina jipya. Windows itakuonyesha jina la uongo kwa uso mkavu. Dawa yake ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Ni faili ndogo. Iweke kwenye flashi yako na uende nayo dukani. Muuzaji mwaminifu hatanuna.

Kumtumia mtu hela ya kadi ambayo hujaiona inawaka ni sawa na butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini: mwenye shida ndiye anayeumia, na bei huwa imepangwa na mwenye subira. Vijana wengi hununua msimu wa kahawa ukishalipa, wakati ambao pia wauzaji wanajua mifuko ina kitu. Mtu wa Kyerwa ana njia ya ziada, daraja la Murongo kwenda Kikagati na kisha Mbarara, na wa Bukoba anaweza kupanda meli hadi Mwanza ambako maduka ni mengi. Kokote utakakokwenda, nenda na mashine yako ikiwezekana, si picha yake. Ukivuka mpaka, dai risiti na upite forodhani. Na jumlisha nauli ya kurudi, kwa sababu kadi mbovu ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa aliyekuuzia.

Limebaki suala la draiva, ambalo ndilo linaloamua umri wa kadi kuliko chuma chake. AMD waliziondoa RX 400 na RX 500 kwenye msururu mkuu wa draiva zao mwishoni mwa 2023, na tangu hapo hupata marekebisho machache. Nvidia nao walifunga draiva za gemu mpya kwa familia ya GTX 1050 na 1060, pamoja na GTX 750 Ti, Oktoba 2025, wakaahidi marekebisho ya usalama peke yake hadi Oktoba 2028. Mwezi huo huo, tarehe 14, Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa iliyo chini ya kizazi cha nane. GTX 1650 ni ya familia iliyofuata, haikuguswa na uamuzi ule wa Nvidia. Gemu ulizonazo leo hazitaacha kufanya kazi. Ila kati ya GTX 1050 Ti na GTX 1650 zilizolala mezani kwa muuzaji mmoja, zikipishana bei kidogo, ongeza hela uchukue 1650. Na kama mashine uliyonayo ni ya prosesa ya kizazi cha pili, weka hela ya kadi pembeni mpaka upate boksi jingine.